Kikombe Kisichohesabu Magoli

Ninyi mnaosikiliza redioni, na ninyi mnaosoma karatasi hii darasani, kaeni karibu karibu. Mwenye macho mazuri amsaidie jirani yake. Neno likikushinda, lipigie mstari, kisha umwulize mwalimu wako. Maneno machache magumu tumeyaeleza mwishoni.

Leo tutasafiri mbali, mpaka Marekani, katika majimbo yale yenye baridi kali. Tutazungumza juu ya wanafunzi wa vyuo vikuu wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu. Tutazungumza pia juu ya tuzo ambayo mmoja wao hupewa kila mwaka. Tuzo hiyo haitolewi kwa kufunga magoli. Hutolewa kwa kuwatumikia watu.

Huenda ukauliza, "Jambo hilo lanihusu nini mimi, ambaye sijapata kuona barafu ila ndani ya glasi?" Lakuhusu. Nyuma ya tuzo hiyo pana swali ambalo wazee wetu walikwisha lifikiri zamani. Wao walisema: Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Basi, ikiwa mtu mwema hangoji shukrani, je, yafaa kumwita mbele ya watu na kumpa tuzo? Lishike swali hilo. Tutalijibu baada ya kusikia habari za watu wanne.

MCHEZO WENYEWE

Wengi wenu mmepata kuona, au kusikia, mpira wa magongo unaochezwa juu ya nyasi. Afrika Mashariki ilikuwa na wachezaji hodari wa mchezo huo. Mwaka 1956 timu ya Kenya ilikwenda kuucheza katika Michezo ya Olimpiki huko Melbourne, Australia.

Mchezo wa barafu ni ndugu yake, lakini ni ndugu mkali zaidi. Uwanja wake ni maji yaliyogandishwa, yakawa magumu kama sakafu ya saruji. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, mfano wa kisu, nao huteleza kwa mbio kuliko mtu akimbiaye. Hawapigi mpira wa mviringo. Hupiga kisahani kigumu cha mpira, chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kila upande una watu 6 uwanjani, pamoja na mlinda mlango. Kazi hiyo huchosha upesi, kwa hiyo wachezaji hubadilishana mara kwa mara: mmoja hucheza muda mfupi, pengine hata dakika moja haifiki, kisha hutoka na mwenzake huingia.

Tena kumbuka jambo moja. Uwanja wote umezungukwa na ukuta wa ubao. Ukuta huo utauona tena katika habari hii.

Wanafunzi wa vyuo waliupenda mchezo huu tangu mapema. Mwaka 1896 timu za vyuo vya Yale na Johns Hopkins zilikutana mjini Baltimore, na pambano hilo huhesabiwa kuwa la kwanza kati ya vyuo viwili vya Marekani. Mwaka 1948 vyuo vilianza kushindania ubingwa wa nchi nzima, na Chuo Kikuu cha Michigan kikashinda mwaka huo wa kwanza.

Wachezaji hawa ni wanafunzi. Kwa miaka mingi chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kilikataza mwanafunzi kulipwa mshahara kwa mchezo wake. Wengine walisaidiwa karo na chakula, basi. Ni mwaka 2021 tu walipoanza kuruhusiwa kupata fedha kwa kutumia majina yao. Kwa hiyo mchezaji wa chuo wa zamani hakuwa na mali nyingi ya kugawia watu. Alikuwa na vitu viwili: wakati wake, nao ulikuwa mchache kwa sababu ya masomo na mazoezi, na jina lake, ambalo watoto wa mji walilijua.

MTU WA KWANZA: HOBEY BAKER

Hobey Baker alizaliwa mwaka 1892 katika jimbo la Pennsylvania. Alisoma Chuo Kikuu cha Princeton, akamaliza mwaka 1914. Juu ya barafu hakuwa na mfano wakati wake. Watu walisafiri kutoka mbali kwenda kumtazama.

Lakini kuna sababu nyingine iliyofanya akumbukwe. Wapinzani walimpiga na kumwangusha, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hatari. Yeye alirudishia mara chache sana. Mchezo ukiisha, alikwenda mpaka chumba cha wapinzani, akawapa mkono na kuwashukuru. Tena hakupenda jina lake litumiwe kuvutia watu mlangoni.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, alijiunga na jeshi, akawa rubani huko Ufaransa. Vita vilikwisha naye yu mzima. Tarehe 21 Desemba 1918 alikuwa amekwisha pata karatasi zake za kurudi nyumbani. Siku hiyo aliruka na ndege iliyokuwa imetoka kutengenezwa, ili aijaribu. Ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 26.

Mwaka 1981 ilianzishwa tuzo yenye jina lake, nayo hupewa mchezaji bora wa barafu katika vyuo. Wa kwanza kuipata alikuwa Neal Broten wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Watoaji wa tuzo hiyo walisema ya kuwa ustadi peke yake hautoshi. Watatazama pia tabia ya mtu na masomo yake. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, tabia ilikuja baada ya ustadi. Asiye na ustadi mkubwa hakuweza kufikiriwa, hata angekuwa mwema namna gani.

MTU WA PILI: TRAVIS ROY

Sasa tuje kwenye usiku wa tarehe 20 Oktoba 1995, mjini Boston. Chuo Kikuu cha Boston kilikuwa bingwa wa nchi. Usiku huo bendera ya ubingwa ilipandishwa juu ya uwanja, watu wakashangilia. Katika timu alikuwapo kijana mpya, Travis Roy, mwenye miaka 20, kutoka jimbo la Maine. Baba yake alikuwa msimamizi wa uwanja wa barafu, naye Travis aliteleza tangu utoto. Kuchezea chuo kikubwa ndiko kulikokuwa tamaa ya maisha yake.

Aliitwa kuingia. Akamkimbilia mpinzani, akayumba, akagonga ukuta wa ubao kwa kichwa. Zilikuwa zimepita sekunde 11 tangu aingie. Mfupa wa shingo ulipasuka, na uti wa mgongo ukaumia. Tangu saa hiyo hakuweza tena kuitumia miguu yake, na mikono yake nayo ilipotewa na nguvu karibu yote. Baba yake alishuka kutoka kwa watazamaji akainama karibu naye. Travis alimwambia baba yake ya kuwa amefika alikotaka kufika.

Sekunde 11! Hesabu polepole kuanzia moja mpaka kumi na moja. Huo ndio wote uliokuwa mchezo wake wa chuo.

Pengine wafikiri habari yake iliishia hapo. Sivyo. Watu walimchangia fedha za matibabu na za kumsaidia kuishi, na Travis aliona jambo ambalo mwenye afya halioni. Aliona ya kuwa wako wengine wengi walioumia kama yeye, lakini wao hawakuwa wachezaji, hakuna aliyewajua, na hakuna aliyewachangia. Kukaanzishwa mfuko wenye jina lake. Mfuko huo ulinunua viti vya magurudumu. Ulitengeneza njia za mteremko ili kiti kiweze kuingia nyumbani, na ulirekebisha magari na vyumba vya kuogea. Ulitoa fedha pia kwa madaktari waliochunguza dawa ya uti wa mgongo. Mpaka alipokufa, ulikuwa umetoa mamilioni ya dola.

Mwaka 1998 alitoa kitabu cha maisha yake. Mwaka 1999 chuo chake kiliiondoa namba yake, 24, mchezaji mwingine asiivae tena. Travis alikuwa mchezaji wa kwanza wa barafu wa chuo hicho kupewa heshima hiyo. Mwaka 2000 alimaliza masomo yake. Alifariki tarehe 29 Oktoba 2020, akiwa na miaka 45.

Tazama hesabu hiyo, ndugu msomaji. Alicheza sekunde 11. Akatumika miaka karibu 25.

TUZO YA UTU

Mwaka 1996, miezi michache baada ya usiku ule, tuzo mpya ilitolewa kwa mara ya kwanza. Jina lake ni Hockey Humanitarian Award. Sisi katika somo hili tutaiita Tuzo ya Utu. Hupewa mwanafunzi mmoja kila mwaka, mwanamume au mwanamke, aliyewatumikia watu wa mji wake au watu wenye shida kokote. Chuo chake chaweza kuwa kikubwa chenye sifa au kidogo kisichojulikana. Naye hukabidhiwa wakati wa siku za mwisho za kushindania ubingwa wa wanaume, pale ambapo macho ya wapenzi wote wa mchezo yameelekea.

Angalia tofauti. Katika tuzo ya mwaka 1981, tabia iliongezwa juu ya ustadi. Katika tuzo ya mwaka 1996, utumishi ndio uliokuwa kipimo chenyewe. Kijana anayekaa kwenye benchi aweza kuipata, na mfungaji mkuu aweza kuikosa.

Wa kwanza kuipokea alikuwa J.P. McKersie, mlinda mlango wa Chuo Kikuu cha Boston, chuo kile kile cha Travis Roy. Yeye mwenyewe alikuwa amepata kugongwa na gari, akaumia kichwa vibaya, kisha akapona na kurudi uwanjani.

MTU WA TATU: CHANDA GUNN

Mwaka 2004 tuzo ilipewa mwanamke, Chanda Gunn, mlinda mlango wa Chuo Kikuu cha Northeastern, hapo hapo Boston. Alizaliwa mwaka 1980 na kukulia California, jimbo la jua. Tangu utoto alikuwa na ugonjwa wa kifafa.

Ninyi mwajua jinsi kifafa kinavyoogopwa katika vijiji vingi vyetu. Wako wanaomficha mtoto ndani. Wako wanaokataa kula naye. Wako wanaokimbia akianguka, wakidhani mate yake yataambukiza. Si kweli. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, nao hauambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Huko Marekani nako wagonjwa wake walionewa haya.

Chanda alipoanza chuo katika jimbo la Wisconsin, ugonjwa ulimsumbua, naye hakuweza kuendelea huko. Alihamia Northeastern akaanza upya. Akawa mlinda mlango bora kabisa. Lakini hakuuficha ugonjwa wake. Aliusema waziwazi, na alitoa wakati wake kwa watoto wagonjwa, ili mtoto mwenye kifafa amwone mtu mzima mwenye kifafa amesimama golini. Fikiri maana yake kwa mtoto huyo! Daktari aweza kumwambia mtoto, "Utaishi vema." Chanda hakuwa na haja ya kusema mengi, mtoto alimtazama tu.

Mwaka 2006 alikuwa mlinda mlango wa timu ya wanawake ya Marekani katika Olimpiki ya baridi huko Turin, Italia. Timu yake ilipata medali ya shaba. Hata baada ya hapo aliendelea kuwasemea wenye kifafa.

MTU WA NNE: TUCKER MULLIN

Mwaka 2013 tuzo ilikwenda kwenye chuo kidogo, Saint Anselm, katika jimbo la New Hampshire. Aliyeipokea ni Tucker Mullin. Yeye alikuwa na rafiki, mchezaji mwenzake wa zamani, ambaye aliumia uti wa mgongo uwanjani, akapata nafuu, kisha akaumia tena. Mara nyingi rafiki wa mgonjwa huja siku za kwanza na matunda mkononi, kisha hupungua kidogo kidogo mpaka haonekani. Mullin hakupungua. Yeye na rafiki yake waliunda mfuko wa kuchangia tiba ya watu waliopooza, naye akaufanyia kazi huku akisoma na kucheza.

Hapa waona jinsi habari hizi zinavyoshikana. Travis Roy aliumia mwaka 1995. Karibu miaka 18 baadaye, kijana wa chuo kingine alikuwa akifanya kazi ya namna ile ile.

TULIJIBU SWALI

Sasa turudi kwenye methali yetu. Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Je, Tuzo ya Utu yaivunja methali hii?

Kwanza, tazama vema methali yasema na nani. Yasema na mtenda. Humwambia asisimame kungoja malipo. Lakini haimwambii mtendewa akae kimya. Mtenda ana wajibu wa kwenda zake. Sisi tulioona wema tuna wajibu wa kushukuru. Hizo ni kazi mbili za watu wawili. Mtenda asipongoja na sisi tusiposhukuru, yeye ni mwema, lakini sisi ni wakosefu wa shukrani.

Pili, watoto hutazama wanachosifiwa wakubwa. Kijiji kikimsifu tajiri peke yake, watoto watatafuta utajiri kwa njia yoyote. Uwanja ukimsifu mfungaji peke yake, mtoto atajifunza ya kuwa thamani yake ni magoli yake. Siku mguu utakapovunjika, atajiona si kitu. Lakini akiona siku moja kila mwaka anaitwa mchezaji aliyewatembelea wagonjwa, naye hupigiwa makofi sawa na bingwa, atajua ya kuwa iko njia nyingine ya kuwa mtu.

Tatu, ni lazima tuseme kweli: hatari ipo. Penye tuzo, hutokea mtu wa kutenda wema kwa ajili ya tuzo. Aenda hospitali na mpiga picha, picha ikipatikana aondoka, na mgonjwa hamwoni tena. Tutamtambuaje? Kipimo ni rahisi, nacho chafaa hata kwetu. Usimwulize mtenda, mwulize aliyetendewa. Kisha tazama kama kazi imebaki baada ya makofi kwisha. Travis Roy hakuweza hata kushika kikombe kwa mikono yake miwili. Viti vya magurudumu alivyowapatia watu ndivyo vilivyomshuhudia.

Tena tusisahau ya kuwa kikombe hakiponyi mtu. Kikombe cha fedha hakimwinui aliyepooza, wala hakimpi dawa mwenye kifafa. Hufanya kazi moja tu: huelekeza macho ya watu. Macho yakisha kuelekea, iliyobaki ni kazi ya mikono yetu.

Basi nawaachieni kazi. Katika mtaa wako yumo mtu anayetumika bila kutajwa. Pengine ni kijana anayewachotea maji wazee. Pengine ni mama anayemsomesha jirani yake herufi usiku, taa ikiwa ndogo. Huna kikombe cha kumpa. Lakini sasa wajua kuandika. Chukua karatasi, andika jina lake, andika alilotenda na mwaka alioanza, kisha usome mbele ya darasa. Historia huanza hivyo: mtu mmoja akiandika ili jina jema lisipotee.

MANENO YA KUJIFUNZA

Tuzo: kitu apewacho mtu kwa heshima ya jambo jema alilofanya.
Uti wa mgongo: mshipa mkubwa ulio ndani ya mifupa ya mgongo, upelekao amri za ubongo mwilini.
Kupooza: kupotewa na nguvu za viungo.
Mfuko: fedha zilizokusanywa kwa kazi maalumu, pamoja na watu wanaozisimamia.
Kifafa: ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu aanguke na kutetemeka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Hobey Baker alifanya nini kila mchezo ulipokwisha? Kwa nini lilikuwa jambo gumu?
2. Kuna tofauti gani kati ya tuzo iliyoanza mwaka 1981 na ile iliyoanza mwaka 1996?
3. Travis Roy aliona jambo gani juu ya watu wengine walioumia kama yeye?
4. Katika mtaa wenu watu husema nini juu ya kifafa? Yapi ni kweli, na yapi si kweli?
5. Mzee mmoja asema, "Mtu mwema asisifiwe mbele ya watu, ataharibika." Wewe wasemaje? Toa sababu.